Deni la Victor Frankenstein kwa kiumbe wake

Msomaji mmoja wa Tanga anayeongoza kikundi cha kusoma riwaya anauliza: "Tumemaliza Frankenstein ya Mary Shelley na tumegawanyika. Upande mmoja unasema yule kiumbe ni muuaji, ameua hata mtoto mdogo, kwa hiyo Victor hakuwa na deni lolote kwake. Upande wa pili unasema Victor ndiye aliyemleta duniani akamtupa, basi alipaswa kumtengenezea yule mwenza aliyemwomba. Mimi nimekaa katikati. Hivi mtu akiumba kiumbe, na kiumbe huyo akawa mpweke kiasi kile, anadaiwa nini hasa?"

Ndugu msomaji,

Pande zote mbili za kikundi chako zimeanza kuhesabu mahali pasipo. Wa kwanza wanaanzia kwenye kifo cha William, mdogo wake Victor, wa pili wanaanzia kwenye ombi la mwenza. Deni lilianza mapema zaidi, usiku ule wa Novemba kule Ingolstadt, mji alikomuumba kiumbe, na lilikuwa dogo kuliko mnavyodhani. Kwa maoni yangu Victor hakudaiwa kumhakikishia yule kiumbe furaha, wala hakudaiwa mke wa kumpa. Alidaiwa nafsi yake: abaki chumbani, amtazame, amwite jina, amfundishe. Alikimbia deni hilo la mwanzo, na kila alichokuja kudaiwa baadaye, pamoja na lile ombi linalowagawa, ni riba yake.

Rudini kwenye sura ya 5. (Nafuata mpangilio wa toleo la 1831, ambalo mwandishi alilirekebisha; la kwanza ni la 1818.) Victor amefanya kazi karibu miaka miwili. Viungo amevichagua kwa uzuri wake, anasema hivyo mwenyewe: nywele nyeusi zinazong'aa, meno meupe kama lulu. Lakini umbo zima amelifanya kubwa, futi nane hivi, kwa sababu udogo wa viungo vya kawaida ulikuwa unamchelewesha. Sentensi hiyo iko katika sura ya 4 na wengi huipita bila kusimama. Ukubwa ule ambao baadaye utawafanya wanakijiji wapige mayowe na kurusha mawe haukutokana na ubaya wowote wa kiumbe. Umetokana na haraka ya fundi. Katika kurasa hizohizo Victor anaota jinsi aina mpya ya viumbe itakavyombariki, na kwamba hakuna baba atakayestahili shukrani ya wanawe kama yeye. Shukrani ameshajihesabia. Nani atamlisha, nani atamvisha, nani atamwambia yeye ni nani, hayo hayamo katika hesabu.

Kisha jicho la manjano linafunguka, na Victor anakimbia. Anajitupa kitandani na nguo zake, anaota ndoto mbaya, anashtuka. Kiumbe ameinua pazia la kitanda, anamtazama. Taya zinafunguka, sauti zisizoeleweka zinatoka, tabasamu linakunja mashavu, na mkono mmoja umenyooshwa. Victor anatuambia mkono ule ulikuwa kana kwamba unataka kumzuia, naye akauponyoka. Ila msimulizi wa habari hii ni Victor peke yake, na tuna haki ya kuusoma mkono ule tofauti. Sauti bila maneno, tabasamu, mkono unaoelekea uso wa kwanza uliopo: aliyewahi kulea mtoto hahitaji mhakiki wa kumfafanulia.

Victor anakesha uani. Asubuhi anakutana na rafiki yake Clerval, anarudi naye, anafungua mlango kwa woga, anakuta chumba kitupu, na anapiga makofi kwa furaha. Hajiulizi kiumbe ameenda wapi, wala katika baridi ile atakula nini. Baadaye tunaambiwa kwamba kiumbe alijifunika nguo alizozikuta mle ndani, na mfukoni mwa nguo hizo ndimo alimokuja kukuta shajara ya Victor ya miezi minne ya kazi, yenye chukizo lote limeandikwa. Huo ndio urithi pekee alioupata kwa aliyemuumba.

Wengi wetu, hasa tuliolelewa katika dini, tunapenda kusema kwamba dhambi ya Victor ni kujifanya Mungu. Mary Shelley mwenyewe analigusia hilo katika utangulizi wa 1831, kwa hiyo siwezi kusema usomaji huo hauna msingi. Lakini sikilizeni lawama ya kiumbe inaelekea wapi. Akiisha kuisoma shajara anauliza kwa nini aliyemuumba alimfanya wa kutisha kiasi kwamba hata yeye mwenyewe akamgeuzia mgongo kwa kuchukizwa. Uzito wa sentensi uko mwishoni, kwenye kule kugeuziwa mgongo. Riwaya inaweza kumsamehe mtu aliyeumba. Inachokirudia sura baada ya sura ni habari ya mtu aliyeumba akaondoka.

Wazo hili la deni la mzazi halikumjia mwandishi kutoka hewani. Hadithi ya mvua za Juni 1816, ya nyumba ya mshairi Byron kando ya Ziwa Geneva na yale mashindano ya hadithi za mizimu yaliyozaa riwaya hii, mnaijua, nitaipita. Yafaa zaidi kujua kwamba Mary alizaliwa tarehe 30 Agosti 1797, na tarehe 10 Septemba mama yake, Mary Wollstonecraft, akafariki kwa homa ya uzazi. Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto akafa baada ya wiki mbili hivi. Tarehe 19 Machi aliandika katika shajara yake kwamba ameota kichanga chake kimefufuka. Kumbe kilikuwa kimepoa tu, wakakisugua mbele ya moto, kikaishi. Sipendi usomaji unaogeuza riwaya kuwa cheti cha hospitali cha mwandishi, kwa hiyo sitasema Victor ni Mary. Nitasema tu kwamba mtu aliyeandika ndoto ile hakuhitaji kufundishwa tofauti kati ya kuupa mwili uhai na kuupa mwili huo joto.

Na mama asiyemjua alikuwa amemwachia vitabu. Katika kitabu chake cha 1792 juu ya haki za wanawake, Wollstonecraft aliandika kwamba sehemu kubwa ya dhiki inayozurura duniani katika sura za kutisha huachwa izuke na uzembe wa wazazi. Itafuteni sentensi hiyo na muisome mbele ya kikundi. Miaka 26 kabla ya Frankenstein kuchapishwa mhusika wake mkuu tayari anazurura humo, sura yake ya kutisha na yote.

Yupo pia mwanafalsafa Rousseau, raia wa Geneva kama Victor, aliyeandika Émile, kitabu maarufu cha malezi kilichotoka 1762, huku akiwa amewapeleka watoto wake watano, mmoja baada ya mwingine, katika nyumba ya watoto wa kuokotwa mjini Paris. Miaka mingi baadaye Mary Shelley aliandika wasifu wake, na hakumwonea haya kwa jambo hilo. Katika barua ya 1816 anataja uwanja wa Plainpalais nje ya Geneva na mnara uliosimamishwa pale kwa heshima ya Rousseau. Sasa fungueni riwaya mtazame mdogo wake Victor anauawa wapi. Ni Plainpalais. Siwezi kuthibitisha kwamba alikusudia, lakini ni vigumu kwangu kuamini kwamba mwandishi makini kama yule aliliweka jina lile pale kwa bahati.

Toleo la 1831 linaongeza jambo linaloibana hoja zaidi. Victor anawaeleza wazazi wake kama watu waliotambua kwa kina walichodaiwa na kiumbe waliyempa uhai, kwamba hatima yake ilikuwa mikononi mwao, iwe furaha au dhiki, kulingana na jinsi watakavyotimiza wajibu wao kwake. Tazama sasa. Mtu huyu anaujua wajibu wa mzazi kwa mtoto, anaweza kuutamka kwa ufasaha kuliko mimi, ameufaidi tangu utotoni. Halafu anasimulia Ingolstadt bila kuona kwamba amejishtaki kurasa chache nyuma. Hawezi kusema hakujua.

Sasa tuje kwenye upweke, maana umeuliza "mpweke kiasi kile".

Wenzako wa upande wa pili huenda wamekwisha kukujibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Riwaya inaisumbua methali hiyo. Kiumbe huyu hakulelewa na mtu, na bado anakua vizuri, kwa muda mrefu. Anajificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia ya De Lacey, anawachungulia kupitia ufa. Mwanzoni anawaibia chakula usiku. Akigundua kwamba ni maskini na wenyewe wana njaa, anaacha, anaishi kwa matunda na mizizi. Anakata kuni usiku na kuwawekea mlangoni. Anafyeka theluji njiani. Anajifunza maneno yao, moto, maziwa, mkate, kuni, na majina yao. Felix, kijana wa nyumba hiyo, anapomfundisha mpenzi wake Safie kusoma, kumbe wanafunzi ni wawili. Kwa hiyo si kweli kwamba asiyelelewa lazima awe mnyama. Aliharibikiwa pale alipojitokeza kudai nafasi kati ya watu aliowapenda, akapigwa kwa fimbo.

Elimu ndiyo inayomwumiza zaidi. Kabla hajajua kusema alikuwa na baridi, njaa na hofu, na hivyo vina dawa. Akiisha kujifunza kwamba watu wana baba, mama, ndugu, ukoo na mali, ndipo anapojiuliza yeye ni nani, ametoka wapi, anaelekea wapi. Anasema hakuna baba aliyeutazama utoto wake, hakuna mama aliyembariki kwa tabasamu. Upweke wake si wa mtu aliye mbali na watu. Watu wako upande wa pili wa ubao, anasikia pumzi zao. Ni upweke wa mtu mwenye maswali ambaye yuko mtu mmoja tu duniani anayeweza kuyajibu, na mtu huyo ameshapiga makofi kwa kuondoka kwake. Ndiyo maana baada ya kufukuzwa na akina De Lacey anafunga safari kwenda Geneva. Anasema waziwazi kwamba kwa Victor peke yake ndiko alikokuwa na haki ya kudai huruma na fidia.

Katika msitu ule aliokota vitabu vitatu, na kilichomkaa moyoni ni Paradise Lost, utenzi wa mshairi Milton juu ya Adamu na Hawa, ambao aliusoma kama historia ya kweli. Mary Shelley alichukua mistari mitatu ya kitabu hicho, Adamu akimuuliza Muumba wake kama alimwomba amfinyange mtu kutoka udongoni, akaiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya ya 1818. Adamu wa Milton alitoka mikononi mwa Mungu akiwa mzima na mwenye furaha, akilindwa, akizungumza na Muumba wake ana kwa ana. Alipoona upweke alimwambia, wakajadiliana, akapewa Hawa. Kiumbe anakumbuka dua ile ya Adamu na kuuliza: Muumba wangu mimi yuko wapi? Shikeni mfuatano huo, tutauhitaji. Kwa Adamu mazungumzo na Muumba yalitangulia, mwenza akafuata.

Sura ya 10 ndiyo moyo wa jambo lako. Wawili hawa wanakutana juu ya barafu ya Mer de Glace, chini ya Mont Blanc. Victor anamtukana, anamwambia aondoke machoni pake. Kiumbe anafanya kitu ambacho sinema zote nilizoziona zimekiacha: anayafunika macho ya Victor kwa mikono yake mwenyewe, akisema hivi ndivyo ninavyokuondolea sura unayoichukia, lakini bado unaweza kunisikiliza. Huko nyuma mtu pekee aliyempokea kwa upole alikuwa mzee De Lacey, kipofu. Kiumbe amejifunza somo lake. Anamwonyesha aliyemuumba namna wajibu unavyoweza kutimizwa hata kama chukizo halitaki kuondoka: acha kutazama, anza kusikiliza.

Na Victor anasikiliza. Anakaa kando ya moto katika kibanda cha mlimani, na kabla hadithi haijaanza anakiri kwamba kwa mara ya kwanza ameona wajibu wa muumbaji kwa kiumbe wake ni nini, na kwamba alipaswa kumfanya awe na furaha kabla ya kulalamikia uovu wake. Wale wa upande wa kwanza, wanaosema hakuna deni, waisome sentensi hiyo. Mdaiwa mwenyewe amekiri deni, na amekiri akijua tayari kwamba ndugu yake ameuawa na akiamini kwamba muuaji ni huyo aliye mbele yake.

Hapo ndipo linapokuja ombi la mwenza, na hapa siko pamoja na upande wa pili pia.

Hoja ya kiumbe ina nguvu. Anasema maovu yake ni watoto wa upweke aliolazimishwa, apewe mmoja wa aina yake, wataondoka wote wawili kwenda nyika za Amerika Kusini, hakuna binadamu atakayewaona tena. Victor anakubali. Anasafiri hadi Uingereza, kisha Uskoti, kisha kisiwa kimoja cha Orkney chenye vibanda vitatu na watu watano, na huko anaanza kazi. Usiku mmoja, kazi ikikaribia kwisha, anakaa na kuwaza. Huenda huyu wa pili akawa mwovu kuliko wa kwanza. Huenda wakachukiana. Huenda wakazaa, na kizazi cha mashetani kikaenea duniani. Na huenda akakataa kutimiza mapatano yaliyofanywa kabla hajaumbwa. Kiumbe anatokea dirishani kwenye mwanga wa mwezi, na mbele ya macho yake Victor anauraruarua mwili ule vipandevipande.

Kati ya sababu hizo, ile ya kizazi cha mashetani ndiyo inayomsukuma zaidi, nayo ni dhaifu. Victor hana ushahidi. Aina hiyo ina mfano mmoja tu, na mfano huo ulikuwa ukikatia watu kuni. Sababu nzuri ni ile anayoigusa kwa sentensi moja na kuipita: mwenza huyu hajaahidi chochote. Naye angefumbua macho akiwa na akili na mapenzi yake. Kiumbe, kwa uchungu wake wote, anataka amfanyie mwingine kilekile alichofanyiwa: aletwe duniani kwa ajili ya haja ya mtu, bila kuulizwa, tena aumbwe wa kutisha makusudi ili asiwe na pa kukimbilia. Anasema hivyo waziwazi, awe na kasoro kama zake ili asimkatae. Simlaumu sana mtu aliyefikia hatua hiyo, ila siwezi kukubali kwamba Victor alilazimika kumpatia. Deni lako hulilipi kwa mwili wa mtu wa tatu.

Kwa hiyo kukataa kuumba tena kulikuwa sahihi, na Victor alikataa vibaya kuliko ilivyowezekana: baada ya kuahidi, kwa sababu mbaya kuliko ile nzuri aliyokuwa nayo, na kwa kumrarua yule mwenza mbele ya aliyekuwa akimngoja. Anakiri mwenyewe kwamba baadaye alipoviona vipande sakafuni alijisikia kama amekatakata nyama hai ya binadamu. Anavipakia katika kikapu pamoja na mawe, anavitupa baharini.

Tazameni sasa kitu ambacho hakimo kabisa katika mabishano yao marefu. Tangu Mer de Glace hadi Orkney, Victor hafikirii hata mara moja kumpa kiumbe nafsi yake. Kwake njia ziko mbili tu, kumtengenezea mwenza au kumnyima. Ya tatu haimpitii akilini: aishi karibu naye, amtembelee, amwandikie, amsemee mbele ya watu, ampe jina ambalo mpaka mwisho wa riwaya hana. Mfuatano wa Milton ungemwongoza. Hata lile ombi la mwenza, nikilisoma, naliona kama ombi la mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kupewa kitu cha kwanza, akaomba cha pili.

Mtaniambia: Victor alichukizwa kweli, mwili wake ulikataa. Sawa. Anasema katika sura ya 17 kwamba alimhurumia na mara nyingine alitaka kumfariji, lakini akimtazama moyo unachafuka. Naamini. Lakini chukizo si hoja ya kufuta deni kwa mtu aliyevichagua viungo kimoja kimoja kwa mikono yake. Mwandishi mwenyewe, akimalizia utangulizi wa 1831, anaiita riwaya yake mzao wake wa kutisha, anauaga uende ukastawi, na kusema anaupenda. Ameumba kitu kibaya cha sura naye hajakikana.

Vipi kuhusu mauaji? Upande wa kwanza una haki ya kudai jibu hapa. Nasema haya ni madeni mawili na moja halilifuti jingine. William alikuwa mtoto. Justine Moritz, mtumishi wa nyumbani kwa akina Frankenstein, hakumkosea kiumbe lolote. Kiumbe ndiye aliyeiweka picha ya mama yake Victor katika nguo za binti yule akijua itamponza. Clerval, Elizabeth aliyeuawa usiku wa harusi yake na Victor, wote hawakuwa na sehemu katika yaliyotokea Ingolstadt. Kiumbe anajua hivyo, na mbele ya maiti ya Victor hajitetei kwa kusema hana hatia. Anauliza tu kwa nini yeye peke yake ahesabiwe mkosaji ilhali wanadamu wote walimkosea. Ni swali la haki hata kama anayeuliza ana damu mikononi.

Mkitaka kupima uzito wa Victor bila kumhusisha kiumbe, msomeni katika kesi ya Justine. Anaamini binti hana hatia. Anaamini anamjua muuaji. Ananyamaza kwa kuwa angeonekana mwendawazimu, na Justine anauawa kwa hukumu ya mahakama. Halafu anatuambia kwamba mateso ya mshtakiwa hayakulingana na yake, kwa kuwa yeye binti alikuwa na faraja ya kutokuwa na hatia. Nimewahi kuona wanafunzi wakiuangusha mguno darasani kwenye sentensi hiyo, na sikuwazuia. Mtu anayemwacha kiumbe wake peke yake ndiye huyohuyo anayemwacha Justine peke yake. Hapa hakuna kisingizio cha sura ya kutisha. Justine alikuwa mzuri, mwema, na wa nyumbani kwao.

Akiwa anakufa ndani ya meli ya nahodha Walton kwenye barafu ya kaskazini, Victor anafunga hesabu zake. Anasema ameuchunguza mwenendo wake na haoni kwamba unastahili lawama. Aliumba kiumbe mwenye akili, akawajibika kumhakikishia furaha na ustawi kadiri ya uwezo wake. Lakini wajibu wake kwa wanadamu wenzake ulikuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo alifanya vyema kukataa kumwumbia mwenza. Ni hoja safi, na kama ilivyo naikubali karibu yote. Ila inaanzia Orkney. Ingolstadt haimo. Ameirukia sura ya 5 kama ambavyo vikundi vyenu viwili vimeirukia.

Kama kuna wenzako wanaoshikilia kwamba kiumbe alizaliwa mwovu, waulize kama walitazama sinema kabla ya kusoma. Jukwaa la London lilimnyang'anya usemi tangu 1823, na sinema ya 1931 ya James Whale ikaongeza ubongo wa mhalifu ulioibwa kwa makosa. Ukiweka ubongo mbovu kichwani mwake, swali lako lote linatoweka, maana hakuna tena alichoharibiwa. Katika kitabu hakuna ubongo wa namna hiyo, na kiumbe ndiye msemaji hodari kuliko wote waliomo.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Inaelekea wanakikundi wako wana matoleo tofauti, na huenda sehemu ya ugomvi inatoka hapo. Tazameni Elizabeth ni nani: akiwa binamu wa Victor, hilo ni toleo la 1818; akiwa yatima aliyechukuliwa kwa familia maskini karibu na Ziwa Como, hilo ni la 1831. Katika la 1831 Victor huongea zaidi juu ya majaaliwa, kana kwamba yote yalishaandikwa, na msomaji huelekea kumhurumia. Katika la 1818 anaonekana zaidi kama mtu aliyechagua. Mimi ningeanza na la 1818, kisha nichukue zile kurasa za wazazi wake kutoka la 1831 na kuzisoma kando ya sura ya uumbaji, siku moja, mkutano mmoja. Msomaji wa sauti awe mmoja wa wale wanaosema hakuna deni.